Gari Iko Maji ya Chai

Ninyi vijana wa siku hizi gari likizimika mlimani mnafungua boneti kwanza. Mnachungulia, mnagusa waya huu na ule, mnamwambia mwenye gari kabureta imekufa, naye anaanza kujipapasa mifuko. Mimi nawaomba jambo dogo. Kabla ya kugusa boneti, kaeni kando ya barabara na msubiri kidogo. Kisha washeni. Likiwaka lenyewe, likaenda mwendo wa kutosha kumtia mtu tamaa, halafu likazimika tena, acheni kabureta ya watu. Nendeni nyuma, kwenye tangi.

Ndani ya tangi kuna bomba linalonyonya petroli, na mdomoni mwa bomba hilo magari ya zamani yalivishwa chujio la nyaya za shaba, mfano wa kifuko. Injini inaponyonya, uchafu wote wa tangi hukimbilia pale na kuziba. Ikizimika, hakuna anayenyonya, uchafu huanguka chini na njia hufunguka. Ndiyo maana gari linapumzika kama mzee anayepanda ngazi, kisha linaendelea. Mimi sikulisoma hili mahali. Nilifundishwa na Fundi Mbwana, mtu wa Tanga, na nililielewa vizuri siku ya gari la Baba Naomi. Siku hiyo nilikaribia kunywea kwa hofu, na mpaka leo nikisikia kitu kinagonga ndani ya kopo, mimi hugeuka kutazama nyuma.

Ilikuwa zama za Mwingereza, miaka ile ya baada ya vita. Mimi ni mtoto wa Arusha, baba yangu alitoka Kondoa, na kazi yangu kabla ya ufundi ilikuwa kupatana bei sokoni kwa niaba ya watu wasiojua kupatana. Nilikuwa nikinunua misumari naihesabu mbele ya muuzaji, halafu naihesabu tena mgongo wangu ukiwa ukutani. Fundi Mbwana alinichukua gerejini kwa ajili ya tabia hiyo hasa. Alisema fundi asiyehesabu skrubu zake atamaliza kazi na kubakiwa na moja mkononi, na hiyo moja ndiyo itakayomwita arudi.

Mbwana alikuwa fundi kweli, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: Kiswahili cha watu wa bara kilimkera. Mteja akisema "gari yangu imeharibika", Mbwana alimsahihisha kwanza, ndipo akauliza limeharibika nini. Wengine walikuja na gari bovu wakaondoka na ngeli zilizonyooka na gari lile lile bovu.

Baba Naomi alikuwa Mwarusha wa Olmotonyi, juu kule mlimani. Alikuwa ameuza ng'ombe wake karibu wote akanunua gari la kabla ya vita, refu, lenye mabawa ya kukinga matope kama masikio ya tembo, ili abebe abiria na mizigo kati ya kwao na mjini. Lakini kubeba abiria kulitaka leseni, na leseni ilitoka kwa mkaguzi wa magari, Mzungu mmoja mwembamba asiyecheka. Mkaguzi alikuwa amelijaribu mara ya kwanza likazima kwenye kilima. Alimwambia atalijaribu mara ya pili, na likizima tena, basi, halitabeba mtu. Ng'ombe walikuwa wamekwenda, na gari halitoi maziwa. Jirani zake walikuwa wakimsalimia kwa kuuliza, "Ng'ombe wako wa chuma amelala vyema?"

Siku moja kabla ya jaribio hilo la pili, nilitoka sokoni nikamkuta Mbwana amekwisha kujitwika sanduku la vifaa.

"Twende," aliniambia. "Gari la Baba Naomi limekufa. Liko Maji ya Chai."

"Limefuata nini Maji ya Chai? Yeye anakaa Olmotonyi."

"Nitajuaje? Mama mmoja muuza maziwa ameleta salamu. Kasema, 'Baba Naomi anasema gari iko maji ya chai.' Nikamwambia, yeyo, mama, sema liko. Akasema ndiyo, iko."

"Umemwuliza vizuri?"

"Rajabu, mimi nimezaliwa na Kiswahili. Unanifundisha kusikia?"

Mwalimu akisema hivyo mwanafunzi hufuata nyuma. Tukadandia lori la ndizi lililokuwa likirudi tupu kuelekea mashariki, tukapita Tengeru, mimi nikiangalia jua na kulipima dhidi ya kesho. Kwa asiyejua nchi hii: Olmotonyi iko magharibi ya mji. Maji ya Chai iko mashariki. Kila mzunguko wa gurudumu ulikuwa unatupeleka mbali na gari lenyewe, nasi tulikuwa tunashukuru lori linakwenda kasi.

Tulishuka sokoni tukaanza kuuliza. Mama wa Kimeru aliyekuwa akiuza ndizi alitutazama na sanduku letu.

"Gari refu, jeusi, lenye masikio?" alirudia. "Hapa halijapita. Mmejaribu kuuliza kule Maji ya Kahawa?"

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akakalia ndizi zake. Mbwana hakucheka. Alikwenda upande huu wa barabara, akaja upande ule, akachungulia hata nyuma ya nyumba, kana kwamba mtu anaweza kuficha gari la urefu ule. Mimi nikasimama darajani. Chini yangu mto ulipita na rangi yake ya kahawia, rangi ambayo ndiyo asili ya jina la mahali pale. Nikautazama sana. 

"Fundi," nikamwita. "Yule mama wa maziwa ni Mwarusha?"

"Mwarusha, ndiyo."

"Mwarusha akiwa na njaa, kwa Kiswahili husemaje?"

"Husema, mimi iko njaa. Makosa matu..."

 Akaja darajani akasimama karibu nami, akatazama maji. 

"Gari iko maji ya chai," alisema polepole. "Gari lina maji ya chai."

"Kwenye tangi."

"Petroli imekuwa kahawia. Kutu." Akashika kichwa. "Na mimi nikamsahihisha!"

 Nilikuwa natazama jua, ambalo lilikuwa limepita utosini na halikutusubiri. Kurudi tulipata gari la mkulima mmoja mpaka mjini, kisha tukaazima baiskeli, Mbwana amekaa nyuma na sanduku mapajani, mimi nakanyaga mlima wa Olmotonyi. Njia nzima hakusahihisha neno la mtu yeyote.

Tulifika jua limeelemea magharibi. Baba Naomi alikuwa amekaa kwenye ubao wa kukanyagia wa gari lake, mikono katikati ya magoti.

"Shikamoo, Baba Naomi."

"Marahaba. Ero," alisema, kama Waarusha wanavyomwita mwanamume, "niliwaita asubuhi. Mmekuja kwa njia ya Nairobi?"

"Tulipitia Maji ya Chai," nikasema.

"Mlifuata nini huko?"

Mbwana alijifanya anatafuta spana.

Tulilishusha tangi, tukamwaga petroli kwenye karai. Ilitoka kahawia iliyokolea. Ungeitia sukari ungemkaribisha mgeni. Mbwana akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema kutu na matope, na chujio limekwisha kuoza. Bomba lile la kunyonyea lilikuwa limeshikwa juu ya tangi kwa bamba dogo. Magari mengine bamba hilo lina skrubu, unafungua, unavuta bomba, kazi imekwisha kabla chai haijapoa. La Baba Naomi, fundi fulani wa zamani, Mungu amsamehe popote alipo, alikuwa ameliziba kwa lehemu pande zote. Ili kulifungua ilibidi kuliyeyusha. Maana yake, chuma cha moto juu ya tangi la petroli.

Hapa vijana nataka mnisikilize, hata kama mengine mtayasahau. Tangi lililojaa petroli ni la hatari. Tangi lililomwagwa petroli ni la hatari zaidi, kwa sababu lina mvuke na hewa, na hivyo viwili vinangoja cheche tu. Mbwana aliwahi kuniambia habari ya gereji ya Tanga ambapo mtu alishika chuma cha moto akalehemu tangi "tupu". Bati la paa liliondoka likaenda kwa jirani bila kuaga. Huyo mtu Mbwana hakunisimulia alikwenda wapi, na nilipomwuliza alinipa kazi ya kusugua plagi.

Dawa yake ni maji yanayochemka. Unajaza, unatikisa, unamwaga, unanusa. Mbwana alikuwa na sheria yake: mara tatu, kisha unalijaza maji tangi karibu na mdomo, mvuke ukose pa kukaa, ndipo chuma kiguse. Na chuma kinapashwa moto mbali, upande upepo unakotoka.

Mama Naomi, mkewe, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, aliinjika pipa la maji. Mvua ilikuwa imenyesha, kuni mbichi, moshi mwingi, moto kidogo. Baba Naomi alizunguka pipa lile kama anayelinda mgonjwa.

Tulipomwaga maji ya kwanza, akaniita pembeni. "Ero, Rajabu. Wewe ni mtu wa soko. Mara moja inatosha."

"Mara tatu, Baba Naomi."

"Jua hilo. Kuni hizo. Kesho asubuhi yule Mzungu anangoja Boma. Fanya mbili."

Ilikuwa bei nzuri. Nataka mjue hivyo. Kutoka tatu kushuka mbili, mtu yeyote wa soko angefunga hapo. Na sisi ndio tuliopoteza nusu ya siku yake kule darajani. Nilikuwa na deni usoni mwake. Nikamtazama Mbwana. Alikuwa ameinama juu ya tundu la tangi ananusa, macho amefumba.  Alinyoosha vidole vitatu tu.

Nimepatana na Wahindi wa madukani, Waarusha wa mbuzi, Wachaga wa vitunguu, hata karani wa Boma. Kila mmoja ana mahali pa kulegea. Nililinusa tangi lile mwenyewe, likanipiga puani, nikajua hili halilegei.

"Tatu," nikasema. "Ukitaka mbili, shika chuma wewe."

Akaenda kuongeza kuni.

Chuma kilipogusa bamba, Mbwana ndiye aliyekishika. Alituambia wote tusogee mpaka kwenye migomba, na Mama Naomi akawaita hata kuku wake. Mimi nilibaki hatua chache, kwa kuwa mtu lazima avute bamba lehemu inapolegea. Sikupumua. Lehemu iling'aa, ikatetemeka kama zebaki, ikaachia. Maji yalitoa sauti "fss", nami nikaruka nikamkanyaga Mbwana mguu. Ni hayo tu yaliyotokea. Hivyo ndivyo kazi iliyofanywa vizuri inavyoonekana, vijana: mtu anapiga kelele kwa sababu ya mguu.

Bomba likatoka, na mdomoni mwake palikuwa na uzi wa shaba uliooza na donge kama mashapo ya kahawa. Chujio jipya lingeagizwa Nairobi, na Nairobi haikuwa inakuja kabla ya asubuhi. Kitambaa hakifai: Mbwana aliwahi kuvisha leso ya mkewe, petroli ikapita kwa taabu, gari likaweza tambarare likakataa mlima, na mkewe akadai leso. Nyaya za chandarua cha dirisha ni pana mno. Tulikuwa tumekaa tunatazama bomba lile bila chujio, Baba Naomi ameshika shavu, Mama Naomi alipokuja na birika na vikombe. Akaanza kutumiminia chai. Juu ya kikombe aliweka chujio la shaba, la macho madogo, linang'aa.

Mbwana akanitazama. Mimi nikamtazama yeye. Mama Naomi akatutazama sote wawili, akalivuta chujio kifuani.

"Nililetewa na dada yangu siku ya harusi," alisema.

 Alimtazama mumewe pale alipokaa. Kisha akalisuuza, akalipangusa na ncha ya kitambaa chake, akaliweka juu ya sanduku la vifaa.

"Maji ya chai yanataka chujio la chai," akasema. Siku hiyo tulikunywa chai na majani yake.

Tulilikata mpini, tukalikunja liwe kifuko kipana, tukalilehemu kwenye bomba, mbali na tangi. Lifanyeni pana, si dogo: likizibwa upande mmoja, upande mwingine unanyonya. Na mdomo wa bomba uachwe juu ya sakafu ya tangi kama unene wa kidole, ili uchafu ulale chini kwa amani yake.

Kisha tangi lenyewe lilitaka kusuguliwa kutu. Tulitia maji ya moto, magadi na kokoto, tukashika huku na huku, tukalitikisa kama wanaopepeta mahindi. Kokoto nilizichagua mwenyewe kijitoni na kuzihesabu zikiingia: thelathini. Tulipomwaga, nikazihesabu kwenye majani: ishirini na tisa.

Nikazihesabu tena. Ishirini na tisa.

"Umekosea kuhesabu zikiingia," alisema Mbwana.

"Sikosei zikiingia."

Ndani ya tangi lile palikuwa na bamba la kugawa, la kuzuia petroli isichezecheze, na nyuma ya bamba hilo mkono haufiki. Tulilipindua, tukalipiga makofi, tukaingiza waya, hola, hakuna kitu. Tukitikisa, halilii. Jioni iliingia. Mbwana akasema kokoto imebana kwenye kona, itakaa huko kama mpangaji mwenye adabu. Usiku ule tulilala kwa Baba Naomi, nami nilikuwa naitikisa thelathini yangu kichwani mpaka majogoo.

Alfajiri tulilifunga bamba kwa skrubu, tukaweka kipande cha ngozi kilichosuguliwa sabuni ya kufulia, maana petroli haiyeyushi sabuni, hilo likumbukeni. Tukalirudisha tangi mahali pake; petroli ya zamani tulikuwa tumeimwaga yote. Nzuri iliyokuwapo ilikuwa chupa chache tu za akiba. Gari likawaka. Baba Naomi hakufurahi; aliogopa kufurahi.

Kule Boma mkaguzi alikaa mbele, kofia magotini. Nyuma alitaka mzigo, tukapakia magunia ya mahindi, na juu yake mimi na Mbwana tukahesabiwa kuwa abiria. Tukatoka mjini, tambarare salama. Tukaanza kilima kile kile kilicholiua mara ya kwanza. Shingo ya Baba Naomi ilikuwa inatiririka jasho na baridi ya Meru ilivyo asubuhi. Mbwana alikuwa anasoma kitu midomo ikichezacheza. Mimi nilikuwa nasikiliza kila mlio, injini ikikohoa hata kidogo nilikuwa tayari kuruka.

Haikukohoa. Ilipanda. Ilipita jiwe, ikapita mti uliolala, ikapita pale ilipofia. Mbwana akanifinya mkono. Na ndipo, gari lilipokanyaga shimo, chini yetu pakalia:

*Ko.*

Nikafumba macho. Shimo jingine. *Ko. Ko-ko.* Mpangaji alikuwa ametoka chumbani.

Mkaguzi akageuza kichwa. "Simama."

Baba Naomi akasimamisha. Mkaguzi akashuka, akaenda nyuma, akalisukuma gari kwa mkono. *Ko*, likajibu tangi. Akamtazama Baba Naomi.

"Hii kelele nini?"

Niliona maisha ya mtu yamesimama pale barabarani. Mbwana, mwenye Kiswahili chote cha pwani, akajificha nyuma ya gunia la mahindi. Mimi mpatanaji wa soko zima nikaanza kuhesabu magunia. Baba Naomi alishuka taratibu, akalizunguka gari lake, akaweka kiganja juu ya tangi kama anavyomshika ng'ombe.

"Hii geji, bwana," alisema.

"Geji?"

"Geji ya petroli. Geji ya zamani imekufa. Sasa petroli kama iko mingi, inanyamaza. Kama iko kidogo, inaita." Akalisukuma gari. *Ko.* "Unasikia? Leo iko kidogo."

Mkaguzi akafungua kifuniko, akachungulia, akaona petroli kweli imebaki kidogo. Akafunga. Akasukuma tena kwa kidole kimoja, akasikiliza. Uso wake haukucheka, lakini alikaa upande mwingine wa gari kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, na mabega yake hayakutulia. Aliporudi alisema neno moja tu: "Endesha."

Leseni ilitoka siku ile ile.

Gari lile lilibeba watu wa Olmotonyi miaka mingi, na sikumbuki kusikia limeishiwa petroli njiani. Kila nikimwona Baba Naomi mjini nilimwambia alilete, nilikate tangi nitoe kokoto yangu, bure, maana hesabu ile ilinikera. Alikataa. Alisema hakuna fundi atakayegusa geji yake.

Lakini siku zile za mwanzo nilikuwa bado sijamwambia habari ya ujira. Nilingoja apate abiria kidogo, kisha nikapanda siku moja mpaka kwake, nikamkuta barazani na mkewe wanakunywa chai yenye majani. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza kwa mbali, kama inavyotakiwa: kuni, baiskeli, hatari ya chuma cha moto. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatema jani la chai.

"Ero, Rajabu," alisema. "Chujio ni la mke wangu. Geji ni ya kijito. Kuni zangu, maji yangu, sabuni yangu. Na asubuhi yote mlikuwa Maji ya Chai. Sasa niambie mwenyewe, wewe ni mtu wa hesabu: unanidai cha nini?"

Nikahesabu. Nikahesabu tena. Mama Naomi akanimiminia kikombe.